Kabla ulipe hiyo ‘i7’, dai nambari yote

MTAANI Eastlando, i7 imekuwa cheo. Kuanzia Umoja hadi Kayole, Donholm hadi Dandora, ukimwambia msee kwamba umenunua laptopu, atakuuliza swali moja kwanza: “Ni i ngapi?” Ukijibu i7, unapewa heshima zako. Ukijibu i5, unaambiwa si mbaya. Ukijibu i3, watu wanabadilisha mada.

Wauzaji wanalijua hilo. Ndiyo maana matangazo ya laptopu za ex-UK, yale unayoona kwa simu na yale yaliyobandikwa kwenye vioo vya maduka ya Luthuli na Moi Avenue, huandika “Core i7” kwa herufi kubwa, halafu RAM, halafu bei. Kitu kimoja ndicho huachwa nje mara nyingi: hiyo i7 ni ya mwaka gani?

Msimamo wangu ni huu: i7 peke yake si habari. Ni kama kuambiwa kuna nyumba ya kupanga Pipeline bila kuambiwa ni ghorofa ya ngapi na kama maji hupanda huko juu. Prosesa ina jina refu lenye nambari, na nambari hizo ndizo husema ukweli. Muuzaji asipokupa jina lote, na asipoliandika kwa risiti, rudi nyumbani na pesa zako.

Haya si mambo ya watu wa teki pekee. Laptopu kwa kijana wa mtaa leo ni jembe. Serikali yenyewe imekuwa ikituambia tutafute kazi mtandaoni tangu ilipoanzisha mpango wa Ajira Digital mwaka wa 2016. Kuna anayesikiliza rekodi na kuziandika usiku kucha, kuna anayehariri video za harusi na matanga, kuna produsa anayepika biti chumbani, kuna cyber ya ghorofa ya chini inayojazia watu fomu za eCitizen na KRA. Mashine hizo hununuliwa kwa mkopo wa chama, pesa za HELB au akiba ya mzazi aliyejinyima. Ukichezwa hapo, hujapoteza kifaa tu. Umepoteza kazi ambayo ingelipa huo mkopo.

Kwa hivyo wacha tujibu yale maswali ambayo watu huuliza kila siku, na ambayo muuzaji hujibu kwa maneno mawili tu: “Iko sawa.”

Prosesa hufanya nini hasa?

Fikiria kibanda cha chakula saa saba mchana. Maagizo yanamiminika: chapo madondo, matumbo, chai mbili. Prosesa ndiyo jikoni. Idadi ya viini vyake, ambavyo wauzaji huita kori, ni idadi ya wapishi. Gigahatsi ni kasi ya mikono ya kila mpishi. Kizazi cha prosesa ni ujuzi wa wapishi hao: wa vizazi vipya hukamilisha kazi kubwa zaidi kwa kila mkono wanaousogeza, tena wakitumia makaa machache. RAM ni meza ya kukatia, nayo SSD ni stoo.

Ukielewa picha hiyo, utaona kwa nini kuuliza swali moja tu hakutoshi. Mpishi mmoja mwenye mikono mepesi hawezi kushindana na wanne wenye ujuzi wakati wa lunch. Na hata wapishi wanne watasimama tu wakitazamana ikiwa meza ni ndogo na stoo iko mbali.

Si gigahatsi nyingi ndiyo kasi?

Hapana. Mwaka wa 2004 Intel iliuza Pentium 4 yenye kasi ya gigahatsi 3.8. Mwaka wa 2017 ikatoa Core i5-8250U ambayo kasi yake ya kawaida ni gigahatsi 1.6, ingawa hupanda hadi 3.4 kazi ikizidi. Kwa kuangalia nambari hizo tu, ungechagua ile Pentium. Lakini Pentium ile ilikuwa na kiini kimoja, i5 hii ina vinne, na kila kiini hufanya mengi zaidi kwa kila mzunguko. Gigahatsi zina maana ukilinganisha prosesa za familia moja na kizazi kimoja. Zaidi ya hapo zinakupoteza.

Basi i7 ni bora kuliko i5, ama?

Ni bora kuliko i5 ya kizazi chake. Hapo ndipo watu hupotea. Intel ilianza na Core i7 mwaka wa 2008, i5 ikafuata 2009 na i3 ikaingia 2010. Majina hayo yalikuwa ya kupanga madaraja ndani ya kizazi kimoja, kama vile shule inavyopanga wanafunzi wa darasa moja. Mwanafunzi wa kwanza wa darasa la nne si lazima amshinde wa tano wa darasa la nane. Lakini sisi tumechukua nafasi tukasahau darasa.

Darasa limeandikwa kwenye jina. Chukua i5-8350U. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 8, hivyo hiyo ni ya kizazi cha nane. i7-4600U ni ya kizazi cha nne. Kuanzia kizazi cha kumi unasoma tarakimu mbili: i5-10210U ni ya kumi, nayo i5-1135G7 ni ya kumi na moja, wala si ya kwanza. Herufi ya mwisho nayo ina maana. U ni prosesa ya kutumia umeme kidogo, inayofaa laptopu nyembamba za ofisini. H au HQ ni ya nguvu zaidi, ila hula betri na kutoa joto. Ukikutana na mashine mpya isiyo na herufi “i” kabisa, usishtuke: tangu Desemba 2023 Intel imekuwa ikiuza Core Ultra 5, Core Ultra 7 na ndugu zao.

Sasa tulinganishe mashine mbili ambazo zimejaa Nairobi. HP EliteBook 840 G4 huja na prosesa kama i7-7600U, ya Januari 2017. EliteBook 840 G5 huja na prosesa kama i5-8350U, ya Agosti mwaka huo huo. Ni miezi saba tu kati yake. Lakini ile i7 ina viini viwili, na ile i5 ina vinne. Katika kazi inayogawanyika kwa viini vyote, kama kutoa video iliyohaririwa ama kufungua programu nyingi kwa pamoja, i5 inaipita i7 wazi. Msee aliyeongeza pesa apate G4 kwa sababu ya kibandiko cha i7 amelipia mpishi wachache.

Tena usidhani kwamba “G5” pekee inatosha kukulinda. Baadhi ya 840 G5 zilitoka kiwandani zikiwa na i5-7300U, ya kizazi cha saba, yenye viini viwili. Kwa macho ni mashine ile ile. Ni nambari tu inayozitenganisha.

Ili tusimwonee mtu, zipo i7 za zamani zenye viini vinne, kama i7-6820HQ. Hizo ni mashine za kazi nzito, na produsa anayejua anachotafuta anaweza kuzifurahia. Lakini ona kwamba hata hapo, kilichokuambia ukweli ni ile nambari pamoja na herufi za mwisho. “i7” haikukuambia lolote.

Na kama ni kizazi kimoja, niongeze pesa nichukue i7?

Kwa laptopu nyembamba za ofisini, mara nyingi haina haja. i5-8350U na i7-8650U zote zina viini vinne. Ya kwanza hupanda hadi gigahatsi 3.6, ya pili hadi 4.2, na ina kumbukumbu ya ndani ya megabaiti 8 badala ya 6. Tofauti ipo, lakini ndani ya laptopu nyembamba yenye feni iliyojaa vumbi la Jogoo Road, prosesa zote mbili zikipata joto hupunguza kasi zenyewe ili zisiungue. Ukiwa na elfu tano za ziada, toa RAM kutoka gigabaiti 8 hadi 16, ama hakikisha una SSD wala si diski ya zamani ya kuzunguka. Hilo utalisikia kila siku unapowasha mashine.

Kwa nini kila mtu anasema kizazi cha nane?

Kwa sababu ya Windows. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Anayejisajili anaweza kuongezewa viraka vya usalama hadi Oktoba 2026, basi. Windows 11 nayo, kwa upande wa Intel, inakubali rasmi prosesa za kizazi cha nane kuendelea, isipokuwa chache sana za kabla yake. Ile i7-7600U haimo kwenye orodha. Ile i5-8350U imo.

Fundi wa mtaa atakuambia anaweza kuilazimisha. Ni kweli, anaweza. Lakini Microsoft imesema wazi kwamba mashine za namna hiyo hazina hakikisho la kupata masasisho. Kwa mtu anayeweka M-Pesa, barua pepe ya kazi na vitambulisho vya wateja kwenye laptopu moja, hiyo si kasoro ndogo. Hasa mwenye cyber, ambaye nenosiri za watu hamsini hupita kwenye kibodi yake kila siku, anafaa alale akifikiria jambo hili.

Na tujiulize: ofisi za Ulaya zilipojua tarehe ya Windows 10 kuisha, mashine zao zisizofaa zilielekea wapi? Mashine nyingi za ofisi za huko, zikishastaafu, huuzwa kwa jumla na kuingia soko la mitumba, na sisi tuko kwenye mwisho wa mstari huo. Si vibaya kununua mtumba. Mtumba umetuvisha na umetusomesha. Vibaya ni kuuziwa mtumba kwa bei ya cheo chake cha ujanani.

AMD je? Si hupata moto na kuharibika?

Sifa hiyo ni ya zamani. Laptopu za AMD za kabla ya 2017, zile za A8 na A10, kweli zilikuwa nyuma ya Intel. Mwaka wa 2017 AMD ilileta Ryzen, mambo yakabadilika. Ryzen 5 Pro 4650U, inayopatikana ndani ya EliteBook 845 G7, ina viini sita kwa kiwango cha umeme kile kile cha wati 15 ambacho i5-8350U imepangiwa. Kwa kuwa wengi mtaani bado wanaikwepa AMD, anayejua kusoma nambari anaweza kupata mashine kali kwa bei nafuu.

Lakini AMD nayo ina mitego yake. Kuanzia 2023 ilibadilisha majina ya prosesa za laptopu, ikawa tarakimu ya kwanza inaonyesha mwaka, na ya tatu ndiyo inayoonyesha muundo wa ndani. Ryzen 5 7520U inaonekana mpya kabisa, kumbe ile 2 ya tatu inakuambia kwamba ndani kuna muundo wa Zen 2, ambao ulianza kuuzwa 2019. Kwa hivyo ujanja wa majina si wa wauzaji wetu tu. Kampuni kubwa zenyewe hupenda tusome nambari nusu.

Si bora ninunue mpya ya Celeron kuliko mtumba?

Inategemea, lakini uwe macho. Harufu ya boksi jipya ni tamu. Ndani ya nyingi za bei ya chini utakuta prosesa kama Celeron N4020, yenye viini viwili vya nguvu ndogo, na mara nyingi RAM ya gigabaiti 4 iliyochomelewa kwenye bodi, ambayo huwezi kuongeza. Kwa mtoto wa shule wa kuandika na kusoma, sawa. Kwa mtu anayetaka kuhariri video, EliteBook ya kizazi cha nane iliyotumika itaizidi kwa mbali, hata kama imekwaruzwa. Upya wa boksi na uwezo wa prosesa ni vitu viwili tofauti.

Sasa, kuna watakaoniambia: “Wacha kelele, mimi nataka tu Word na YouTube.” Vizuri. Basi wewe ndiye hasa hufai kulipia jina la i7. i3 au i5 ya kizazi cha nane yenye SSD inakutosha, na pesa iliyobaki itaingia kwa kodi. Na kama mfuko unaruhusu kizazi cha nne au cha tano tu, mashine hiyo si takataka. Iweke Linux, kwa mfano Ubuntu au Mint, na itakufanyia kazi za kawaida bila shida huku ikipata masasisho. Shida ni pale inapouzwa kwa bei ya kizazi cha nane kwa sababu tu imeandikwa i7.

Wengine watasema nawaharibia wauzaji biashara. Hapana. Wapo wauzaji waaminifu wanaoandika kila kitu, na hao ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu i5 yao safi inakaa dukani huku jirani akiuza i7 ya 2013 kwa sauti ya juu. Na wapo wasiojua wenyewe; wamenunua mzigo kwa jumla na kusoma kibandiko kama wewe. Soko ambalo wateja wanauliza nambari yote litawafaa wote hao. Atakayeumia ni yule anayetegemea tusijue.

Nitaangaliaje nikiwa dukani?

Usiamini kibandiko. Kibandiko ni karatasi yenye gundi, na hubandikwa popote. Washa mashine, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha fungua sehemu inayoonyesha utendaji wa prosesa. Utaona jina lote na idadi ya viini. Kwa kuwa hata maandishi ndani ya Windows yanaweza kuchezewa na mjanja, izime na uiwashe tena huku ukibonyeza kitufe cha kuingia kwenye mipangilio ya ndani kabla Windows haijaanza: kwa kawaida F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad. Jina la hapo ni gumu zaidi kughushi.

Kisha toa simu, andika nambari hiyo kwenye mtandao, na usome kwenye tovuti ya Intel au AMD ilitoka mwaka gani na ina viini vingapi. Ni dakika tatu. Bundle ya shilingi ishirini inatosha. Muuzaji akianza kukuharakisha, akisema kuna mteja mwingine anakuja kuichukua, umeshapata jibu lako.

Mwisho kuna risiti, na hapa ndipo nataka tukazane. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, na haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na anachonunua. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema kitu kikiuzwa kwa maelezo, lazima kilingane na maelezo hayo. Neno muhimu ni maelezo. Risiti ikisema “laptopu HP i7”, na umepewa HP yenye i7 ya miaka mingi iliyopita, muuzaji amelingana na maelezo yake. Huna kesi. Risiti ikisema “HP EliteBook 840 G5, Core i5-8350U, RAM 8GB, SSD 256GB”, hiyo karatasi imekuwa silaha. Kitu kikitofautiana, una pa kuanzia dukani, na una pa kuanzia hata mbele ya Mamlaka ya Ushindani, ambayo sheria imeipa jukumu la kushughulikia malalamishi ya wateja waliopotoshwa.

Ningependa mamlaka hiyo iende mbali zaidi na kulazimisha kila tangazo la kompyuta iliyotumika liandike jina lote la prosesa, kama vile unga unavyoandikwa uzito. Lakini sitasubiri, na wewe usisubiri. Sisi wa Eastlando tunajua kubonyeza nyanya kabla ya kulipa, tunajua kuangalia mshono wa jeans za Gikomba, tunajua kuuliza kama matatu inafika mwisho ama inageuzia Donholm. Laptopu inagharimu zaidi ya hivyo vyote kwa pamoja.

Kwa hivyo, ukienda tauni wiki hii, ama msee akikupigia akisema ana “i7 moja kali sana”, muulize tu: “i7 ngapi, nambari yote?” Akinyamaza, nyamaza na pesa zako.